Kiporo Hupikwa Jana

Jikoni kwa Shangazi: maswali ya wasomaji

Mwezi uliopita niliandika mistari miwili tu kuhusu ukoko wa wali. Nilisema sioni kwa nini uloweshwe maji na kumwagwa wakati ukichemshwa taratibu na tui jepesi, sukari kidogo na iliki unageuka uji ambao watoto wanaugombea. Mistari miwili! Barua zilizokuja zimezidi hata zile za biriani ya Idi. Nimechagua chache, nyingine nimezipunguza, na majina yote nimeyaficha kwa sababu wengi wenu mmewasema wakwe zenu.

*Shangazi, shikamoo. Nyumbani kwangu wali wa usiku hubaki karibu kila siku. Huwa naufunika palepale jikoni, asubuhi naukaanga na kitunguu na karoti, watoto wanakula kabla ya shule. Wiki mbili zilizopita walitapika wote wawili wakiwa darasani. Mama yangu anasema sikuupasha moto vya kutosha. Nilikosea wapi? Mama wa wawili, Tabata.*

Marahaba, mwanangu, na poleni. Sikuwepo jikoni kwako, lakini kwa ulivyoeleza, moto wa asubuhi siulaumu. Ningeulaumu usiku mzima kabla yake.

Kuna bakteria anayeitwa Bacillus cereus. Mbegu zake huja na mchele tangu shambani, na maji yanayochemka haziyaogopi. Wali ukiiva zimo humo zimelala. Sufuria ikikaa jikoni na uvuguvugu wake, huamka, huzaana, kisha huacha sumu ndani ya wali. Bakteria wenyewe utawaua asubuhi kwa moto, ila sumu waliyoiacha haiondoki hata ukaange mpaka punje ziwe ngumu kama bisi. Aliyekula hutapika haraka, kwa kawaida kati ya nusu saa na saa 6. Na usitegemee pua: wali wa namna hiyo unaweza usinuke kitu.

Nayajua haya kwa fedheha. Mwaka 2009 nilikuwa bado napika kwenye mgahawa mmoja karibu na bandari hapa Tanga. Tukapata oda ya wali wa nazi wa watu 80, wakaja kama 50. Sufuria kubwa nikaifunika, nikaiacha juu ya meza, nikaenda kulala nikijisifu kwamba sikutupa hata punje. Alfajiri nikaupasha kwa moto mkali, nikawagawia wapagazi waliokuja kunywa chai. Kabla ya adhuhuri sita kati yao walikuwa wamejiinamia ukutani. Tajiri wangu hakunifukuza, ila dawa zao zilikatwa kwenye mshahara wangu, na ilikuwa haki.

Tangu siku hiyo nasema kiporo hupikwa jana. Kinachoamua kama wali utaliwa asubuhi ni kile ulichofanya mkiwa mmemaliza tu kula, kabla hujakaa kutazama tamthilia. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, friji iwe chini ya nyuzijoto 5, na ukikipasha kifike nyuzijoto 70 mpaka katikati. Mimi kwangu hufanya hivi: wali uliobaki naumwaga kwenye sinia, nautandaza uwe mwembamba, nafunika kawa, nawasha feni. Nikimaliza kuosha vyombo umeshapoa. Nautia kwenye vibakuli vifupi, ndani ya friji. Usiingize sufuria nzima; pembeni itapoa, katikati itabaki na joto mpaka usiku wa manane, na huko katikati ndiko shughuli inakofanyika. Asubuhi unapasha unachokula tu, mara moja. Kilichopashwa kikabaki hakirudi.

Halafu, mwanangu, kama unabaki kila siku, unapika mwingi kila siku. Chukua kikombe kimoja, kiwe cha mchele tu, uandike ukutani vikombe vingapi vimeisha na vingapi vimebaki. Fanya wiki moja. Mimi nilipofanya hivyo niligundua kwamba miaka minne baada ya mwanangu wa kwanza kuolewa, nilikuwa bado nampikia.

*Shangazi, wewe na friji yako. Sisi tusio nayo tule nini asubuhi? Bibi zetu walikula kiporo na chai na hawakufa. Kijana wa Handeni.*

Umenichokoza, lakini una hoja. Bibi yangu wa Pangani hakuwahi kuwa na friji, na kiporo tulikula. Ila kumbuka kilikuwa kiporo cha nini: mara nyingi muhogo wa kuchemsha au ugali mkavu, na mchuzi uliochemshwa usiku kabla ya kulala, ukachemshwa tena alfajiri bila kuchotwa chotwa katikati. Wali wa nazi ulikuwa chakula cha Ijumaa na wageni, ukaisha usiku uleule kwa sababu nyumba ilikuwa na watu kumi na sita. Na waliokuwa wakiumwa matumbo waliambiwa wameliwa na jicho, hakuna aliyeihoji sufuria.

Bila friji, wali pika wa kuisha. Ukibaki, mpelekee jirani saa ileile ukiwa bado wa moto, usimpelekee asubuhi kama zawadi. Maharage ndiyo nitakufundisha hila. Usiyaunge yote. Chemsha sufuria nzima na chumvi yake, kisha chota ya usiku huo tu, uyaunge kwa kitunguu, nyanya na tui. Yaliyobaki yakae meupe hivyo hivyo. Nazi ndiyo inayochachisha haraka. Maharage yenye tui yakilala nje, asubuhi unakuta povu juu na ukiinua mwiko yanavuta kama mlenda. Yale meupe ukiyachemsha sawasawa usiku kabla ya kulala na tena alfajiri, yana nafasi nzuri zaidi. Sikuahidi zaidi ya hapo, na ukiona povu, mwaga. Mwenye friji yeye anayaweka hayo meupe siku tatu, akiunga kidogo kidogo.

Kwa mboga mbichi, kama ungekuwa Dodoma au Singida ningekuambia utengeneze vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa chenye maji. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alikieneza chombo hicho kwao kaskazini mpaka akapewa tuzo ya Rolex mwaka 2000. Maji yanapokauka kwenye mchanga yanaondoka na joto, na nyanya zinadumu. Lakini inataka hewa kavu. Hapa Tanga nilijaribu, nikapata chungu chenye ukungu. Handeni ni kukavu kuliko kwetu. Jaribu msimu wa kiangazi, kisha niandikie.

*Shangazi, mama mkwe wangu anakusanya kilichobaki kwenye sahani za watoto anarudisha sufuriani, eti Mungu hapendi israfu. Nimwambieje bila kugombana? Mke mchanga, Morogoro.*

Israfu hapendi kweli, hilo mpe haki yake. Ila sisi Waswahili tuna maneno mawili kwa sababu ni vitu viwili. Kiporo ni kilichobaki sufuriani, hakijaguswa na mkono wala mdomo. Makombo ni yaliyobaki kwenye sahani, yana mate ya mtu. Kiporo hata mgeni anakula. Makombo ni ya kuku, paka, au yule mama mzazi anayemalizia sahani ya mwanawe amesimama karoni, jambo ambalo sote tunalifanya na hatulisemi.

Usimwambie neno. Pakulia watoto kidogo, nusu ya ulivyozoea, na sufuria uiache karibu waongezewe. Sahani zitarudi tupu, mama hatapata cha kukusanya. Mkwe hurekebishwa kwa upawa, si kwa mdomo.

*Asalaam aleikum, Bi Shangazi. Kwetu haipiti siku bila nazi mbili. Machicha ni mengi, kuku tulionao ni watatu tu na wameshayachoka. Yatupwe? Mama wa Jang'ombe, Unguja.*

Waaleikum salaam, mwenzangu. Barua yako nimeisoma mara tatu kwa furaha, maana hapa ndipo ninapopapenda.

Kwanza nikuulize: unachuja mara ngapi? Siku hizi tunatia nazi kwenye blenda, tunaminya mara mbili kwa haraka, na machicha yanatupwa yangali na mafuta. Mimina maji ya vuguvugu mara ya tatu. Tui hilo ni jepesi, halifai mchuzi wa samaki, lakini kuchemshia mchele au kupikia uji linafaa kabisa, na lile zito linabaki la kumalizia.

Baada ya hapo machicha yana saa chache tu. Yakikaa na unyevu wake mpaka jioni yanachacha. Kwa hiyo palepale, karai kavu, moto mdogo sana, koroga. Itachukua kama dakika 20 na mkono utachoka. Mwanzo yanashikana, kisha yanaachana, mwisho yanatiririka kama mchanga wa ufukweni na harufu inafika kwa jirani. Yakianza tu kubadilika rangi, epua, kwa sababu karai litaendelea kuyaunguza hata nje ya moto. Yapoe kabisa ndipo uyatie kwenye chupa yenye kifuniko. Mimi huyamaliza ndani ya wiki.

Sasa matumizi. Kwenye maandazi, kila vikombe vitatu vya unga wa ngano natia nusu kikombe cha machicha na kuongeza maji kidogo, maana yanakunywa maji kama yaliyotoka jangwani. Usizidishe: machicha hayana mnato wa ngano, andazi litapasuka na kunyonya mafuta. Kwenye mchicha au kisamvu natia vijiko viwili badala ya karanga siku ambayo karanga hamna. Nikiyachanganya na chumvi, pilipili manga na kitunguu saumu kilichosagwa, napakaza vipande vya samaki kabla ya kukaanga. Moto uwe wa wastani kwa sababu yanaungua upesi. Na ukitaka kuwanyamazisha watoto, yarudishe kwenye karai na sukari, iliki na maji kidogo mpaka yashikane, uyakandamize kwenye sinia, uyakate. Si kashata halisi, mtu wa Unguja atanisuta, lakini hakuna aliyewahi kurudisha kipande.

Kuku wapewe yakiwa mabichi ya siku hiyo, yakichanganywa na pumba. Yenye ukungu wasipewe kabisa. Nasikia watu wakisema "haya yameoza, wape mifugo," na hapo ndipo ninapokasirika. Kuna ukungu unaoacha sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Ng'ombe akilishwa chakula chenye sumukuvu, sehemu yake inatoka kwenye maziwa, na maziwa hayo anakunywa nani? Kilichoota ukungu kinaenda kwenye shimo la mboji.

Vifuu usiulize hata. Vipande viwili vitatu chini ya mkaa, jiko linashika bila mafuta ya taa. Makumbi nyinyi Wazanzibari ndio mnaotufundisha; kamba za makumbi yaliyofukiwa pwani miezi kadhaa nimezinunua kwenu.

*Shangazi, mume wangu anasema kutupa chakula ni tabia ya Wazungu na matajiri, sisi hatutupi. Tumewekeana dau la kuku mzima. Msomaji, Mwanza.*

Anza kumwinda huyo kuku. Ripoti ya Umoja wa Mataifa kupitia shirika lake la mazingira, UNEP, iliyotoka mwaka 2024 ilihesabu kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula katika majumba, mahoteli na maduka, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Wastani ni kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka, kwa nyumbani tu. La kumnyamazisha mumeo ni hili: kati ya nchi tajiri na zile za kipato cha kati, tofauti ya wastani ilikuwa kilo 7 tu kwa mtu. Ripoti hiyo pia iliona nchi zenye joto zinaelekea kutupa zaidi nyumbani, labda kwa sababu ya vyakula vibichi vyenye maganda mengi na uhaba wa friji za uhakika.

Ili asije akasema umemwonea, mwambie na hili: hesabu hizo zinajumlisha mifupa na maganda. Ganda la ndizi yake limo. Mkiwa na mizani ya samaki hapo nyumbani, na Mwanza haikosi, pimeni wenyewe siku 7, maganda ndoo yake, chakula ndoo yake. Kuku mle kwa ushahidi.

*Mimi naishi ghorofa ya tatu Kariakoo. Nilijaribu kutengeneza mboji kwenye ndoo barazani, ikanuka mpaka mwenye nyumba akapanda ngazi. Niache? Bwana mpweke.*

Bwana mdogo, ulitia maganda matupu. Maganda ni maji. Yakirundikana bila kitu kikavu yanaoza kwa kukosa hewa, ndiyo harufu iliyompandisha mwenye nyumba. Ndoo ya lita 20, itoboe matundu chini na ubavuni, iweke juu ya sinia kuukuu. Kila konzi moja ya maganda, konzi mbili za vitu vikavu: majani makavu, maboksi yaliyochanwa, trei za mayai, maranda ya fundi seremala. Geuza kwa kijiti kila wiki. Ukikamata konzi na kuminya, iwe kama kitambaa kilichokamuliwa. Ikitiririka, ongeza maboksi. Makapi ya chai na maganda ya mayai yaliyopondwa yatie bila hofu. Nyama, samaki na chakula chenye mafuta usitie kamwe, panya wa Kariakoo hawahitaji mwaliko. Miezi mitatu hivi, utapata udongo mweusi.

Lakini kabla ya ndoo, pekua kinachoingia. Maganda ya tangawizi yanaingia kwenye chai. Vichwa vya samaki ni mchuzi, na kwangu mimi ndio mchuzi wenyewe. Mizizi ya kitunguu majani itie kwenye glasi ya maji dirishani, itachipua ndani ya wiki. Mbegu za boga zioshwe, zianikwe, zikaangwe na chumvi. Kilele cha nanasi kinaota ukikipanda, ila matunda utangoja kama miaka miwili, na mpangaji wa Kariakoo hajui atakuwa wapi.

Ukimpa mfugaji wa mbuzi maganda, ya muhogo yatenge. Mabichi yana sumu ya sianidi nyingi kuliko muhogo wenyewe. Yakatwe, yaanikwe juani mpaka yakauke kabisa ndipo yalishwe.

*Hujambo Shangazi. Kila Jumapili napika chapo, na zikilala zinakuwa ngumu kama kadibodi. Nakataa kuzitupa lakini watoto wanakataa kuzila. Msomaji wa Umoja, Nairobi.*

Sijambo, mwanangu. Kwanza zisilale wazi. Zikiwa bado na uvuguvugu zikunje kwenye kitambaa safi, kisha kwenye chombo chenye kifuniko, na zikipoa ziingie friji.

Zikishakuwa kadibodi, usizilazimishe kuwa chapati tena. Zikunje kama mkeka, uzikate nyembamba kama tambi. Kaanga kitunguu kimoja mpaka kiwe laini, nyanya mbili, karoti iliyoparwa na kabeji kama ipo, bizari kijiko cha chai. Nyanya zikishaiva mwagia maji robo kikombe, tia chapati zako, funika dakika mbili tu zinyonye. Sukuma kila kitu pembeni, vunja mayai mawili kwenye nafasi uliyoiacha, yavuruge, yakianza kushika uchanganye na zote. Mwisho dania na ndimu. Ukiwa na mchuzi wa nyama wa Jumapili uliobaki, tia huo badala ya maji, uuache uchemke sawasawa kwanza.

Chumvi usitie mpaka uonje. Ile ya kwenye chapati bado imo.